Mvumo kwenye Sauti ya Shangazi

Shangazi yangu alikaa zaidi ya miaka ishirini bila ya kuihadithia safari yake ya Shimoni. Siku alipoamua kuihadithia, simu yangu ilikuwa na chaji asilimia 11.

Usiku wa kuamkia siku ile umeme ulikatika, ukarudi alfajiri nikiwa nimelala. Simu yenyewe ilikuwa mpya, sina nayo hata wiki mbili. Niliinunua kwa ajili ya kazi, baada ya kuambiwa kwamba inarikodi sauti safi kuliko kinasa changu cha zamani. Ndani ya boksi mlikuwa na simu na waya, basi; chaja ujitafutie mwenyewe. Na lile tundu la duara la hedifoni tulilolizoea halikuwamo. Tundu ni moja tu, la chini, ndilo la chaji na ndilo la kila kitu. Kwa hiyo nikanunua na kidude cha njia mbili: upande mmoja unachomeka chaja, upande wa pili maikrofoni. Chaja niliipata kwa shilingi elfu tano. Muuzaji aliniapia kuwa ni orijino, nami nikataka kumwamini, maana ilikuwa shilingi elfu tano.

Nilikuwa nimekwenda kwa shangazi, Wete, kwa jambo jengine kabisa. Nilikuwa naandika habari za wanawake wanaochambua karafuu, wale wanaokaa mkekani usiku baada ya kazi zote za nyumbani, mkono mmoja unashika kikonyo na kiganja cha pili kinapokea. Yeye alikuwa anachambua, mimi naandika kwenye daftari. Ghafla akasema, bila ya kuniangalia:

"Mwaka ule zangu niliziacha juani. Za mwisho mwisho za msimu. Nimezianika juu ya jamvi, nikaondoka. Sijui nani alizianua."

Kwetu hakuna anayeuliza "mwaka upi." Mwaka ule ni 2001. Januari 27, siku ya maandamano ya kupinga matokeo ya uchaguzi wa Oktoba 2000. Human Rights Watch, katika ripoti yake ya 2002, waliandika kwamba watu wasiopungua 35 waliuawa Unguja na Pemba katika siku zile, na zaidi ya 2,000 wakavuka bahari kwenda Kenya, wengi wao wakifikia Shimoni. Mimi nilikuwa bado skuli ya msingi. Ninachokumbuka ni milango iliyofungwa mchana, na shangazi ambaye jana alikuwapo na leo hayupo. Alirudi baada ya miezi kadhaa, amekonda, akaendelea kupika na kuchambua karafuu kama aliyekuwa ametoka sokoni. Ukimuuliza, anakwambia, "Tulikwenda, tukarudi."

Sasa alikuwa anasema. Mwandishi yeyote anajua hali ile: hutaki hata kukohoa. Nikamwomba ruhusa ya kurikodi, akaitikia kwa kichwa. Nikambana maikrofoni kwenye mtandio, nikavuta ekstensheni. Chaja ilikuwa ya pini mbili za duara, soketi ya matundu matatu. Nikafanya tunavyofanya sote: nikachomeka kalamu kwenye tundu la juu ili yale mawili ya chini yafunguke, nikaisukuma chaja ikaingia. Simu ikatoa mlio kwamba inachaji. Nikabonyeza kurikodi.

Alizungumza dakika 47. Hedifoni sikuwa na pa kuichomeka, tundu lenyewe moja na limeshajaa. Nilikuwa natazama ile mistari ya sauti ikipanda na kushuka kwenye kioo, nikajua mambo ni mazuri. Mistari haina masikio.

Usiku, nikiwa nimelala kwa binamu yangu, ndipo niliposikiliza. Kitu cha kwanza kilichotoka si shangazi. Ni mvumo. Mmmmmm, mzito, usiopumua, na juu yake mwengine mwembamba unaokwaruza kama nzi aliyefungiwa kwenye kibiriti. Shangazi alikuwa nyuma ya mvumo ule, kama mtu anayezungumza chumba cha pili huku mtu anasaga unga. Kila aliponyamaza ndipo mvumo ulipopaa zaidi, na shangazi ni mtu wa kunyamaza sana.

Sikulala. Niliichomeka chaja ukutani nikaanza majaribio. Nikarikodi chumba kitupu simu ikichaji: mvumo. Nikachomoa chaja: kimya kabisa, nikasikia hata jogoo wa jirani aliyekosea saa. Nikachajia kwa pawabenki badala ya ukuta: kimya. Nikarudisha chaja ukutani, nikaishika ile klipu ya chuma ya maikrofoni kwa vidole: mvumo ukapungua. Nikaiachia: ukarudi. Kisha nikapitisha kidole taratibu kwenye ukingo wa chuma wa simu, miguu peku juu ya sakafu ya saruji, nikahisi kile kitu ambacho nadhani kila mtu aliyewahi kuchaji simu amekihisi na hakukisema: mtetemo mdogo, kama ngozi imegeuka kuwa msasa.

Asubuhi nilikwenda Chake kwa fundi mmoja wa redio, mtu mzima, ambaye meza yake imejaa vitu vilivyofunguliwa. Aliisikiliza rikodi sekunde kumi tu, akasema, "Hiyo hamsini." Nikamuuliza hamsini ya nini. Akacheka, akaifungua ile chaja yangu ya elfu tano kwa bisibisi. Aliyonieleza nimeyasoma tena baadaye ili nisiandike uongo, na mambo yenyewe ni hivi.

Umeme wa ukutani kwetu ni wa volti 230, nao unageuza mwelekeo, kwenda na kurudi, mizunguko 50 kila sekunde. Simu haitaki umeme wa namna hiyo. Inataka volti chache, 5 kwa kawaida, zinazokwenda upande mmoja. Chaja inauchukua ule wa ukutani, inaunyoosha, kisha inaukatakata makumi elfu ya mara kwa sekunde ili uweze kupita kwenye transfoma ndogo kama ukucha, halafu inaulainisha upande wa pili. Kule kuukatakata kunazaa kelele za umeme. Ili kelele hizo zisitapakae, watengenezaji huweka kapasita moja ndogo baina ya upande wa umeme mkali na upande wa simu, iwe njia ya kuzirudisha zilikotoka. Lakini njia ikishakuwapo, hupita na vyengine. Ule umeme wa mizunguko 50 nao unavuja kidogo kupitia pale. Kwa kapasita ya nanofaradi 1, hesabu inatoa kama mikroampia 72, chini ya sehemu moja ya kumi ya miliampia. Haui mtu. Kidole kinauhisi tu.

Maikrofoni nayo inausikia. Sauti ya binadamu inapogeuzwa kuwa umeme ndani ya maikrofoni ya waya, ni umeme hafifu mno. Jirani yeyote mwenye kelele anaufunika. Umeme uliovuja unatafuta ardhi. Chaja ya pini mbili haina waya wa ardhi, na kalamu yangu kwenye tundu la juu ilikuwa kalamu tu. Basi ukapita ulipopata: kwenye simu, kwenye kile kidude cha njia mbili, kwenye waya wa maikrofoni, hadi kifuani kwa shangazi, ukashuka kwenye mwili wake uliokaa juu ya mkeka. Fundi alilisema hilo bila ya kulitilia uzito. Mimi lilinikaa.

"Na hii chaja yako," akaongeza, akinionesha kwa ncha ya bisibisi, "hii kapasita si ya aina inayotakiwa kukaa hapa. Ya kweli ikifa, inakata. Hii ikifa, inapitisha. Siku hiyo hutopata mvumo, utapata mia mbili na thelathini." Aliitia kwenye ndoo ya takataka bila ya kuniomba ruhusa, nami sikudai.

Nilikuwa nimembana bibi wa miaka sabini na kitu kwenye waya ule kwa dakika 47. Mengine yote ya kesi hii yananitia huzuni. Hili linanitia aibu.

Nikarudi mjini na rikodi yangu. Wanaofanya kazi za sauti wanaijua programu ya Audacity, ya bure, na wanajua kwamba mvumo una dawa zake mbili. Ya kwanza ni kukata masafa yenyewe: unaitoa 50, kisha wajukuu zake, 100, 150, 200, na kuendelea, kama anayeng'oa meno kwa mpangilio. Ya pili ni kuifundisha programu: unaichagulia sekunde chache zenye mvumo peke yake, unaiambia hii ndiyo takataka, halafu inaipunguza kila mahali.

Dawa ya kwanza iliondoa ule uzito wa chini. Lakini sauti ya mwanamke anapozungumza kwa kawaida inakaa karibu na 200, na 200 ni mjukuu wa 50. Nilipoikata, shangazi akawa mwembamba, kama anayezungumza kwenye simu ya zamani ya kuzungusha namba. Dawa ya pili iliua nzi. Ikaua na pumzi zake, na zile "eeh" ndogo anazojiitikia mwenyewe, na mlio wa karafuu zinazoangukia kwenye ungo. Nilipoizidisha, alikuwa anazungumza ndani ya mtungi.

Kulikuwa na jambo jengine ambalo sikulitazamia. Nimesema kwamba ukiishika klipu mvumo hupungua. Basi kwenye rikodi, mara sita au saba, mvumo unapungua wenyewe kwa sekunde chache, halafu unarudi. Mwanzo sikuelewa. Kisha nikakumbuka: shangazi akifika pazito, huweka mkono kifuani. Mkono uligusa klipu. Nikaweza kujua, kwa kusikiliza uchafu tu, ni wapi aliposhika kifua. Anaposema habari za karafuu alizoziacha, hashiki. Anaposema jinsi walivyoshuka pwani mmoja mmoja, usiku, bila ya taa, anashika. Programu ikishasafisha, mkono ule haupo tena.

Na halafu kuna dakika ya 31.

Wako pwani. Mashua imeshasogezwa, maji yameanza kutoka. Wanamsubiri mtu. Nahodha anasema bahari haisubiri, wanamwomba, anangoja kidogo, anasema tena. Shangazi anasema, kwa sauti yake ya kawaida, "Tukaondoka." Ananyamaza. Mvumo unapungua, mkono uko kifuani. Kisha anasema jambo kwa kunong'ona, neno moja au mawili. Ni jina. Nilikuwa nimekaa hatua moja mbele yake na sikulisikia, nikajipa moyo kwamba maikrofoni iko karibu zaidi kuliko mimi.

Mnong'ono hauna mtetemo wa koo. Ni hewa tu, na hewa hiyo inakaa juu, kwenye masafa ya maelfu, kule kule anakokwaruza nzi. Nikimwondoa nzi, jina linakwenda naye. Nikimwacha, jina lipo ndani yake, silabi mbili au tatu, na kila ninaposikiliza nasikia jina tofauti. Nilikaa na sekunde zile mbili kwa wiki nzima. Nilifika mahali nikawa nayasikia majina ya watu ninaowajua mwenyewe.

Wiki ile nilikuwa nikiwafikiria waliorikodiwa kabla yetu. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi santuri za His Master's Voice, na tunaozisikiliza leo tunamsikia nyuma ya mkwaruzo wa sindano. Hakuna anayelalamika. Tumeuzoea mkwaruzo ule mpaka umekuwa sehemu ya enzi yake. Na hapa Pemba kwetu, Kamange na Sarahani, washairi wakubwa wa karne ya 19 na mwanzo wa ya 20, hawakuacha hata huo mkwaruzo. Tuna maneno yao, ambayo mwaka 2011 yalitoka kwenye kitabu cha Kale ya Washairi wa Pemba kilichohaririwa na Abdilatif Abdalla. Sauti zao hatunazo. Nilijiambia kwamba kwa kulinganisha na hao, mimi ni tajiri. Haikunisaidia. Siti alijua anaimba mbele ya mashine, na mashine ya wakati wake ilifanya ilivyoweza. Ya kwangu ilishindwa kwa sababu ya elfu tano.

Mwezi uliofuata nilirudi Wete. Nilichukua pawabenki, kinasa cha zamani cha betri, hedifoni, na simu iliyojaa chaji. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba anihadithie tena.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Mbona uso hivyo?"

Nikamwambia ukweli. Kwamba rikodi imeharibika, kosa langu. Akasema nimsikilizishe. Nikampa ile ya asili, isiyosafishwa, kwenye hedifoni. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, mikono imeshika masikio. Baada ya kama dakika moja akazivua.

"Hii mashine gani?"

"Ni umeme huo shangazi. Chaja."

"Mbona kama boti." Akazivaa tena, akasikiliza, akazivua. Sasa alikuwa amekasirika kidogo. "Siye hatukwenda kwa mashine. Tulikwenda kwa tanga. Kaskazi ilikuwa inavuma, ubavuni, na nahodha alikataza mtu hata kupiga chafya. Mtoto akilia unampa ziwa. Usiku kucha unasikia maji tu na kamba. Wewe umetutia mashine."

Sikuwa nimelifikiria hilo hata mara moja. Wiki zote zile nilikuwa naupiga vita mvumo kwa sababu unaficha maneno. Yeye aliukataa kwa sababu unasema uongo. Safari ya watu waliovuka kwa kimya, wakiogopa hata mlio wa kasia, mimi nimeiwekea injini. Msikilizaji asiyejua angedhani tumerikodi ndani ya boti, au, vibaya zaidi, kwamba nimeitia makusudi ili kunogesha.

Nikamwomba: basi tuhadithie tena, mara hii bila ya waya wowote ukutani. Akakubali, kwa sharti nizime na feni. Nikakaa na hedifoni masikioni kama nilivyotakiwa kukaa tangu siku ya kwanza. Kimya kilikuwa kizuri, nilisikia mkeka ukilia alipogeuza mguu.

Alihadithia dakika 20. Karafuu, jamvi, pwani, tanga, Shimoni, mahema, watu wa kule waliowapokea kwa uji, mwafaka wa Oktoba, kurudi. Yote yalikuwamo, kwa mpangilio mzuri kuliko mara ya kwanza. Alikuwa anahadithia kitu ambacho ameshakihadithia. Alipofika pwani akasema, "Tukangoja mtu, hakuja, tukaondoka," akapita, kama anayevuka kijito. Mkono ulibaki kwenye ungo.

Nilingoja amalize. Nikamuuliza, taratibu kadiri nilivyoweza, ni nani waliyemngoja.

"Si nilishamtaja?"

"Sikusikia, shangazi. Mvumo umemfunika."

Alichambua vikonyo kama vitatu, vinne. "Basi," akasema. "Siku ile nilimtaja. Leo siwezi."

Sikumuuliza tena. Katika kazi yetu tunafundishwa kuuliza mara ya pili na ya tatu, na nimeshawahi kufanya hivyo kwa mawaziri. Pale nilizima kinasa, nikasogeza ungo, nikaanza kuchambua naye. Mimi si mwepesi. Alizirudia zangu nyingi.

Mpaka 2010 Pemba iliishi kwa majenereta ya dizeli. Mwaka huo ndipo waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, uliojengwa kwa msaada wa Norway, ulipoanza kuleta umeme wa gridi ya Taifa. Shangazi aliposhuka pwani usiku ule, waya huo haukuwapo. Siku niliyomrikodi, umeme uliomfunika jina ulikuwa umevuka mkondo ule ule wa Pemba kutoka bara kuja kwake. Silaumu waya. Namshukuru Mungu kwa feni na friji kama watu wengine. Chaja niliichagua mimi.

Makala ya wachambuaji karafuu ilitoka, bila ya Shimoni ndani yake. Rikodi ya pili, ile safi, nimeihifadhi kwa ajili ya familia, na shangazi ameikubali. Ya kwanza nimeiweka pia, sehemu tatu tofauti, vile vile ilivyo, na nzi wake. Rafiki yangu mmoja wa redio ananiambia programu mpya zinakuja kila mwaka, za kutenganisha sauti na kelele kwa namna ambayo sisi hatukuiota. Nisubiri, jina litatoka. Inawezekana.

Sijajua kama nitaisikiliza siku hiyo. Alimtaja mbele yangu siku aliyotaka mwenyewe, na kama ningekuwa na chaji, ningelisikia. Siku hizi sirikodi mtu simu ikiwa ukutani, na kabla ya kuanza nasikiliza chumba kitupu nusu dakika nzima. Watu wananitazama, wanadhani nasali.